Maneno ya Mgonjwa

Kila Jumamosi asubuhi viti sita vilipangwa mbele ya kitanda cha mama, na kila Jumamosi adhuhuri viti sita viliondolewa bila kukaliwa na mtu.

Vinne vilikuwa vyao. Viwili binti alishuka kuviazima kwa mama mwenye nyumba, akavipandisha kimoja kimoja akiwa amevikumbatia kama watoto waliolala. Chumba chao kilikuwa juu kabisa kilimani, na kukifikia kulikuwa na ngazi sitini na moja za saruji, nyingine zimemeguka pembeni. Binti alizijua zote kwa nyayo.

Aliyeamuru viti vipangwe ni mama. Hakuamuru kwa mdomo, maana mdomo ulikuwa umefungwa tangu siku alipoanguka jikoni na upande wake wote wa kulia ukamsaliti kwa mara moja. Kiharusi, daktari alisema. Akili nzima, masikio mazima, lakini neno hata moja halitoki. Sasa mama aliamuru kwa kidevu na kwa mkono wa kushoto. Kugonga ubao wa kitanda mara moja ni ndiyo. Mara mbili ni hapana. Hiyo ndiyo lugha iliyobaki nyumbani, na binti alikuwa ameizoea.

Watu wa jumuiya yao ya kanisa walimwita Mama Kiitikio. Kwa miaka ishirini na miwili, msomaji alikuwa hajamaliza mstari wa zaburi, mama ameshaudaka wimbo na kuurusha juu, na waliosinzia wote wakaamka. Padre mmoja wa zamani aliwahi kusema kwamba siku Mama Kiitikio akikosa misa, hata mishumaa huwaka kwa aibu. Mtu wa namna hiyo akiugua, wenzake wa jumuiya watakosaje kuja kumwona? Kanuni yenyewe inasema hivyo: Jumamosi asubuhi husomwa Neno, watu husali, kisha hutoka pamoja kwenda kwa wagonjwa. Mama mwenyewe alikuwa amekwenda kwa wagonjwa wengi kuliko idadi ya shanga za rozari yake.

Kwa hiyo alingoja, uso kaelekeza mlangoni, kitambaa cheupe kichwani.

"Wifi," shangazi alimtania Jumamosi ya tano, huku akifuma sweta ambalo halikuwa na dalili ya kwisha, "hao wageni wako wamepanda kobe au wamepanda konokono? Maana kama ni kobe, tumwekee na yeye kiti."

Mama alicheka kwa nusu ya mdomo. Kisha akageuza tena uso mlangoni.

Shangazi ndiye aliyeshinda na mgonjwa siku za kazi, binti akiwa dukani. Binti alichapa barua na kutoa fotokopi katika duka la vifaa vya ofisi karibu na kituo cha basi. Alikuwa amesoma chuo, alikuwa na cheti, na alikuwa mtu ambaye ukimkanyaga mguu yeye ndiye anayeomba radhi. Alikuwa amempigia simu mwenyekiti wa jumuiya mara tatu.

"Binti yangu, Jumamosi hii bila shaka," mwenyekiti alijibu mara zote tatu. Alikuwa fundi saa, na sauti yake ilikuwa na utulivu wa mtu mwenye uhakika na dakika zake.

Ofisini kwa parokia nako alikwenda, kwa sababu kilichomtesa mama zaidi hakikuwa viti. Ilikuwa Komunyo. Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi Padre huzunguka kuwapelekea wagonjwa Ekaristi majumbani, na Ijumaa mbili za kwanza zilikuwa zimepita bila yeye kupanda ngazi zao. Karani wa parokia alimsikiliza huku akipanga mihuri.

"Padre anafuata orodha, mwanangu. Orodha inatoka kwenye ripoti za jumuiya, na ripoti zinaletwa na wenyeviti kila baada ya miezi miwili. Mimi siwezi kumwandika mtu niliyemwona ndotoni."

"Lakini mimi si ndoto," binti alitaka kusema. Alichosema ni asante. Njia nzima ya kurudi nyumbani ile asante ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

*

Ripoti ililetwa dukani Alhamisi, Jumamosi nane zikiwa zimeshapita. Aliyeileta ni katibu wa jumuiya, mshonaji wa mtaa wa chini, mnene, mchangamfu, futi ya kupimia ikining'inia shingoni kama stola ya padre.

"Mchapaji wetu!" alisema tangu mlangoni. "Wenzetu wa jumuiya ya sokoni wamepeleka ripoti iliyoandikwa kama kuku kachakura. Sisi tunataka yetu ing'ae. Jumapili Mwenyekiti anaisoma kanisani mbele ya watu wote. Mama hajambo?"

"Yupo, ila..."

"Tunamwombea! Kila Jumamosi, hatukosi hata moja. Mwambie hivyo." Akaliweka daftari mezani, akampapasa shavu, akaondoka. Cherehani yake ilikuwa inamsubiri.

Vidole vya mchapaji hutangulia akili yake. Binti alichapa mahudhurio, akachapa masomo yaliyosomwa, akachapa idadi ya watoto wanaojiandaa kwa Kipaimara. Akafika kwenye jedwali la wagonjwa. Tarehe. Ametembelewa. Maneno ya mgonjwa. Anahitaji Sakramenti. Alikuwa ameshachapa mstari mzima wa kwanza ndipo macho yakavifikia vidole.

*Ametembelewa. Mgonjwa alitupokea kwa furaha, akasema anaendelea vizuri. Sakramenti: hapana.*

Alilitazama jina. Lilikuwa jina la ubatizo la mama yake, na la ukoo, bila kosa hata la herufi.

Akasoma mstari wa pili. *Alicheka sana, akatubariki.* Wa tatu. *Alituongoza katika wimbo.* Wa nne, wa tano, wa sita, kila mmoja na alama yake ya vema, nyekundu, nadhifu. Mstari wa nane ulisema: *Mgonjwa ametuomba tusimsumbue Padre kupanda ngazi zote zile. Akipona atakuja mwenyewe.*

"Dada, fotokopi zangu nne ziko wapi?" mteja aliuliza.

Binti aligeuka kwenye mashine. Ilikuwa imetoa arobaini, na ilikuwa bado inatoa.

Mama, ambaye kwa wiki tisa hajaweza kuomba maji, alikuwa anacheka kwenye karatasi. Anaimba. Anamkataa Padre kwa adabu! Na uongo huo wameuleta kwake yeye, mtoto wa tumbo lake, auchape kwa herufi nzuri na mistari iliyonyooka. Mwizi hujificha. Hawa walikuwa wameleta mzigo wa wizi mchana kweupe kwa mwenye mali, na wakampapasa shavu, kwa sababu hawakujua kama wameiba. Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote.

Alilifunga daftari. Akaenda nalo nyumbani.

Hakukusudia kusema. Lakini shangazi alikuwa na macho ya kunusa, akalichomoa daftari mkobani na kulisoma kwa sauti kabla binti hajavua viatu.

"Alituongoza katika wimbo! Wifi! Kumbe nikitoka kwenda kununua mkate unaimba?"

Mama alicheka nusu yake. Shangazi akaendelea, mstari kwa mstari, akiigiza sauti ya katibu, na mama akaendelea kucheka, mpaka ulipofika ule wa Padre. Hapo kicheko kilikatika. Mkono wa kushoto ulijikusanya ngumi, ukagonga ubao wa kitanda. Mbili. Ukapumzika. Mbili tena. Kikombe kilichokuwa kwenye stuli kikatikisika.

"Hapana," binti alisema taratibu. "Nimesikia, mama."

Mama alimtazama sana. Kisha, kwa kidevu, akaelekeza pale viti vilipokuwa.

*

Jumamosi binti alivipanga viti sita, akamwachia shangazi mgonjwa, akateremka ngazi na daftari kwapani.

Jumuiya ilikuwa inasali kwa mwenyekiti, chumba cha nyuma ya duka lake la saa. Ukutani saa kumi na tisa zilikuwa zinagonga kila moja kwa dini yake, kwa sababu fundi alisahihisha za wateja tu. Watu kumi na wanne walikuwa wameketi kwa kubanana. Injili ilikuwa imeshasomwa, sasa yalikuwa maombi.

"Ah, ripoti imefika!" katibu alinong'ona kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Kaa hapa, mwanangu, kaa."

Binti hakukaa. Alijua akikaa hatasimama tena.

Mwenyekiti alifumba macho. "Na sasa, ndugu, kama desturi yetu, tumtembelee kwa sala mama yetu, Mama Kiitikio, pale kitandani alipo..."

Kumbe ilikuwa na jina. Kutembelea kwa sala. Binti aliwaona wote wakiinamisha vichwa, na katibu akichukua kalamu nyekundu.

"Mwenyekiti," alisema. Sauti ilitoka nyembamba kama uzi. "Samahani. Nani amekwenda?"

Mwenyekiti alifumbua jicho moja. "Nini, binti yangu?"

"Jumamosi nane. Nani amekwenda kwetu?"

Vichwa viliinuka kimoja kimoja.

"Jumamosi ya kwanza mvua ilinyesha," mwenyekiti alisema, bila haraka. "Tukakubaliana tumfikie kwa sala. Ya pili matope. Halafu, unajua, ngazi zenu zile na magoti ya watu hapa... Sala haina miguu, binti yangu, lakini inafika."

"Inafika wapi? Mchana mlango wetu haufungwi hata komeo. Sijaiona ikiingia."

Mtu mmoja alikohoa. Katibu aliweka kalamu chini. "Jamani, mwanangu, usitufanye waongo. Yale niliyoandika si ndivyo mama yako anavyosema siku zote? Namjua miaka ishirini! Angesema hivyo hivyo, neno kwa neno."

"Angesema," binti alijibu, na sasa uzi ulikuwa unageuka kamba. "Angesema, kama angeweza. Mama hasemi. Tangu siku aliyoanguka hajasema hata ah. Angekwenda hata mmoja wenu, akasimama mlangoni tu, angejua. Wewe umemwandika anaimba. Umemwandika anamkataa Padre! Ijumaa mbili amelala anatazama mlango, anadhani Kanisa limemsahau, kumbe limeandikiwa kwamba hataki!"

Katibu aliinamia futi yake.

Pembeni, karibu na mlango, mzee mmoja aliyekuwa na magongo mawili yaliyoegemea ukutani alinyoosha shingo. Walimwita Mzee Magongo, naye mwenyewe alijiita hivyo. "Ngojeni kwanza," alisema. "Mimi kila Jumamosi mnaniambia, mzee, wewe rudi nyumbani upumzike, wawakilishi watakwenda. Nami nawapa salamu. Jumamosi nane nawapa salamu! Salamu zangu mlizipeleka wapi, jamani? Mlizitupa mtaroni?"

Mwenyekiti alisimama, uso umemshuka, akafanya kile alichojua kufanya. Akakunja mikono. "Ndugu zangu, tumekosa. Tusimame wote, tumwinue mama yetu kwa sala..."

Na wote wakasimama. Viti vikakwaruza sakafu, mikono ikakunjwa, vichwa vikainama, haraka, karibu kwa nafuu.

"Msisali!"

Neno hilo halikuwa limewahi kusikika katika chumba kile. Binti mwenyewe alishtuka kulisikia, akatafuta aliyelisema, akakuta ni yeye.

"Msisali," akarudia. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini hakuyapangusa. "Leo msisali. Ngazi ni sitini na moja. Pandeni."

Saa moja ya ukutani iligonga, kisha nyingine, kisha zote kumi na tisa kwa kupishana.

Mzee Magongo alikuwa ameshashika magongo yake.

*

Walipanda watu saba. Wengine saba walikumbuka shughuli. Mzee Magongo alitangulia, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumpita, akapumzika ngazi ya ishirini na ngazi ya arobaini. Kila alipopumzika aligeuka nyuma kuwatazama wenye magoti mazima wakihema. "Nyinyi pumzikeni, nitawapelekea salamu," aliwaambia. Hakuna aliyecheka.

Mama alisikia magongo tangu ngazi ya hamsini. Walipoingia alikuwa ameshajiweka sawa, kitambaa kimenyooka, mkono wa kushoto juu ya shuka.

"Tumsifu Yesu Kristo," mwenyekiti alisema mlangoni.

Wakangoja. Miaka ishirini na miwili, salamu hiyo ilidakwa na sauti moja kabla ya nyingine zote, na bila kufikiri wakaiachia nafasi yake. Mdomo wa mama ulijongea upande mmoja. Ukajaribu tena. Haikutoka hata pumzi yenye umbo. Katibu akaziba kinywa kwa futi yake ya kupimia.

"Milele na milele," Mzee Magongo alimaliza, polepole.

Wakakaa. Viti vilikuwa sita na wao saba, na aliyekosa ni katibu. Hakuna aliyemwinukia. Akakaa sakafuni, miguu kaikunja, karibu na stuli ya dawa.

Mwenyekiti, mikono ikiwa haina la kufanya, alichukua daftari kutoka kwa binti, akalifungua kwenye jedwali, akatoa kalamu. Ni mazoea tu. Kabla hajaandika tarehe, mkono wa mama ulinyooka ukatua katikati ya ukurasa, ukakaa hapo, mzito. Mwenyekiti aliutazama. Ulikuwa umekonda kiasi kwamba pete ya ndoa ilikuwa imefungwa uzi ili isianguke.

"Muulizeni kwanza, ndipo muandike," shangazi alisema kutoka kwenye sweta lake. "Akigonga moja, ndiyo. Mbili, hapana. Hata saa zako zinagonga, hutashindwa."

Mwenyekiti akakohoa. "Mama Kiitikio. Unataka Padre aje?"

Mkono uliinuka kutoka kwenye daftari na kugonga ubao. Mara moja, lakini kwa nguvu iliyomrusha binti kutoka pale alipoegemea.

*Sakramenti: ndiyo*, fundi saa aliandika.

Katibu alisogea kwa magoti mpaka kichwani pa kitanda. Leso yake ilikuwa imelowa machozi. "Mama Kiitikio, dada yangu. Niliandika nilivyodhani ungependa. Nisamehe."

Wote wakamtazama mama. Ungedhani wanajua kitakachofuata, maana ndivyo yanavyokwisha mambo ya namna hii: mgonjwa husamehe, watu hulia kidogo, huimbwa wimbo, watu hurudi makwao wepesi.

Mama aligonga mara mbili.

"Amekosea," mtu mmoja alinong'ona. "Alitaka kugonga..."

Mama aligonga tena. Mbili. Zikasikika wazi, zimetengana, kama mtu anayemsomea asiyesikia vizuri.

"Hajakosea," binti alisema.

"Haya," shangazi akasema, "si mna safu ya maneno ya mgonjwa? Hayo ndiyo maneno yake. Andika."

Mwenyekiti alitazama huku na huku, akakosa wa kumsaidia. Akaandika.

*

Jumapili kanisa lilijaa. Jumuiya ya sokoni ilisoma kwanza: wagonjwa kumi na mmoja, wametembelewa mara sitini na nne, wote wakashukuru. Watu wakapiga makofi. Kisha mwenyekiti fundi saa akapanda na karatasi moja, safi, mistari imenyooka, iliyochapwa upya Jumamosi ileile mchana.

"Mgonjwa mmoja," alisoma. "Ametembelewa mara moja. Maneno ya mgonjwa..." Kwenye benchi la nne binti alikuwa ameshika ukingo wa kiti cha mbele mpaka vidole vikafa ganzi. "Maneno ya mgonjwa: hapana."

Kukapita mnong'ono. Paroko aliinua macho. "Mara moja, Mwenyekiti? Katika miezi miwili? Hakuna kosa la kuchapa hapo?"

"Hakuna kosa la kuchapa, Padre. Na anahitaji Sakramenti. Kwa wiki tisa sasa."

Hakuna aliyepiga makofi. Binti alisikia nyuma yake mtu akisema kwamba jumuiya hii imejiaibisha bure, kwani kulikuwa na haja gani ya kusoma vile. Aligeuka. Yeye asiyegeuka kanisani tangu utotoni, aligeuka akamtazama msemaji machoni mpaka akainamia kitabu chake cha nyimbo.

Ijumaa ya kwanza Padre alipanda ngazi zote, akafika na jasho, akavunja kipande kidogo cha hostia na kumpa mama kwa kijiko chenye maji. Mama alifumba macho muda mrefu. Shangazi, ambaye hakuwa mtu wa kanisa, aliacha kufuma.

Kesho yake asubuhi, kidevu kilielekeza vilipo viti, na binti akashuka kuviazima viwili. Akiwa ngazi ya thelathini alikutana na katibu anapanda peke yake, anahema, futi shingoni, stuli ya cherehani yake mgongoni.

"Nimekuja na changu," katibu alisema.

Aliingia, akaiweka stuli kando ya kitanda, akangoja pumzi zirudi. "Umeshanisamehe, dada?" aliuliza.

Mama akagonga mbili.

"Sawa," katibu alisema, akaketi.